Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe: Mtumishi Mnyenyekevu Aliyemwambia Mfalme Ukweli



Mara nyingi tunadhani kwamba mnyenyekevu ni yule anayenyamaza mbele ya wakubwa. Maisha ya Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, wa kwanza kuuawa miongoni mwa Mashahidi Wakatoliki wa Uganda, yanatusahihisha.

Tangu ujana wake Yosefu alikuwa mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mutesa I wa Buganda. Alibatizwa mwaka 1882 na Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe. Mwishoni mwa mwaka huo mapadri hao waliondoka Buganda, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kwa zaidi ya miaka 2 Wakristo wale wachanga walibaki bila padri. Yosefu, mlei aliyebatizwa juzi tu, akawa miongoni mwa waliowakusanya wenzake, akawafundisha na kuwaimarisha katika sala.

Mwaka 1884 Mwanga alirithi kiti cha baba yake, akamweka Yosefu kuwa msimamizi wa vijana wa ikulu. Cheo hicho hakikumlevya. Alimtumikia mfalme kwa uaminifu, lakini aliwakinga vijana wake dhidi ya tamaa mbaya za mfalme huyo huyo.

Mnamo Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa Anglikana aliuawa huko Busoga kwa amri ya Mwanga. Hakuwa askofu wa Yosefu, wala Yosefu hakuwa na faida yoyote ya kumtetea. Hata hivyo alimwendea mfalme, akamwonya kwamba damu isiyo na hatia imemwagwa, akamkumbusha kuwa Mutesa baba yake hakufanya hivyo kwa wageni. Aliyasema hayo kama mtumishi anayempenda bwana wake na kumtakia mema. Mwanga aliyapokea kama dharau, na maadui wa Yosefu wakachochea hasira yake.

Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu alikatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa moto. Yasimuliwa kwamba kabla ya kufa alimtuma mnyongaji amwambie mfalme kuwa amemhukumu bila haki, lakini amemsamehe, naye atubu. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga alibatizwa, akashika nafasi yake ya kuwaongoza vijana, hadi naye alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI aliwatangaza wote kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Wapendwa, tujichunguze. Katika vikao vya parokia na vigango vyetu tunaliona kosa, tunapiga makofi, kisha tunalisema nje, njiani kurudi nyumbani. Huo si unyenyekevu, bali ni woga. Wengine husema ukweli, ila kwa nia ya kumwaibisha mwenzao. Huo nao ni kiburi. Yosefu alimwendea mkosaji mwenyewe, akasema bila matusi, akasamehe bila kuubatilisha ukweli. Nasi tuliopewa daraja takatifu tunawahitaji waamini wa namna hiyo karibu nasi, na tunahitaji neema ya kuwasikiliza kabla hatujakasirika.

Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, utuombee.