Harry Burn: Mbunge wa waridi jekundu aliyepiga kura ya ndiyo

Kila uchaguzi ukikaribia tunasikia watu wakisema kwamba kura moja haina kazi. Leo tunawaletea maisha ya Harry Thomas Burn, mbunge wa chama cha Republican katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani, ambaye kura yake iliwafungulia mamilioni ya wanawake mlango wa kupiga kura. Tukisema jimbo hapa hatuna maana ya jimbo la uchaguzi kama tulivyozoea. Kule Marekani kila jimbo lina gavana wake na bunge lake.

Burn alizaliwa Novemba 12, 1895 katika kijiji cha Mouse Creek, ambacho baadaye kilipewa jina la Niota. Baba yake, James, alikuwa msimamizi wa stesheni ya reli pale kijijini, na Harry naye akaajiriwa kwenye reli. Baba alifariki mwaka 1916, na mama, Febb, akabaki mjane wa kuendesha shamba. Miaka miwili baadaye Harry akachaguliwa kuingia bungeni akiwa na miaka 22, mdogo kuliko wabunge wote.

Hakuingia bungeni ili apindue mambo. Alikuwa mtu wa tahadhari, wa kushika taratibu zilizopo, na alitoka sehemu ambayo wapiga kura wake waligawanyika vibaya kuhusu wanawake kupiga kura.

Agosti 1920 gavana aliita kikao maalumu mjini Nashville. Marekebisho ya 19 ya Katiba ya Marekani, yaliyokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ni mwanamke, yalihitaji kuridhiwa na majimbo 36 kati ya 48. Majimbo 35 yalikuwa yamesharidhia. Limebaki moja. Basi mji ukajaa watu wa pande zote mbili. Waliounga mkono walivaa waridi la njano kifuani, waliopinga walivaa jekundu. Hotelini vinywaji vilimiminwa kwa wabunge usiku kucha, ingawa wakati huo sheria ya nchi ilikataza pombe.

Seneti ya jimbo ilipitisha kwa kura 25 dhidi ya 4. Kazi ikabaki kwa Baraza la Wawakilishi, ambako Burn alikuwa na kiti. Asubuhi ya Jumatano, Agosti 18, aliingia ukumbini na waridi jekundu kifuani. Viongozi wa siasa wa kwao walikuwa wamemwambia watu wake hawataki jambo hili, na yeye mwenyewe alikuwa anakabiliwa na uchaguzi mwezi wa Novemba.

Lakini mfukoni alikuwa na barua ya mama yake, kurasa saba. Nyingi zilikuwa habari za nyumbani tu, kama mama yeyote anavyomwandikia mwanawe aliye mbali. Katikati ya habari hizo alimhimiza apige kura ya ndiyo, asiwaache watu katika mashaka. Febb alikuwa msomaji wa magazeti, na alichukizwa na hotuba kali ya seneta wa kwao aliyewapinga wanawake. Baadaye alieleza kilichomuuma: vibarua wake shambani, wanaume wasiojua kusoma, walikuwa na kura, na yeye mwenye shamba hana. Tunadhani wakulima wanawake wanaotusikiliza hawahitaji kufafanuliwa hapo.

Spika, Seth Walker, alileta hoja ya kuliweka jambo kando. Kura zikawa 48 kwa 48. Burn alikuwa upande wa kuliweka kando. Wakarudia kuhesabu, zikawa zilezile, na Burn bado yuko palepale. Hoja ikawa imeanguka, kwa hiyo ikabidi wapige kura juu ya marekebisho yenyewe. Jina lake lilipoitwa akajibu ndiyo, kwa haraka kiasi kwamba baadhi ya waliokuwepo hawakuelewa mara moja kilichotokea. Mbunge mwingine, Banks Turner, naye akasema ndiyo. Matokeo yakawa 49 dhidi ya 47.

Spika akageuza kura yake kuwa ndiyo ili kanuni zimruhusu kuomba jambo lijadiliwe upya. Kwa kufanya hivyo akawapa wenzake kura ya 50, ambayo ni zaidi ya nusu ya wabunge wote 99. Alitega mtego akanasa mwenyewe! Baadhi ya wapinzani walipanda treni wakakimbilia jimbo jirani la Alabama ili akidi isitimie, lakini haikusaidia. Agosti 26 marekebisho yakatangazwa rasmi kuwa sehemu ya Katiba.

Burn alilipia. Alituhumiwa kuchukua rushwa. Kesho yake aliingiza maelezo yake katika kumbukumbu za Baraza: kwamba aliamini kura ni haki ya wanawake, kwamba ushauri wa mama ni salama kwa mwana kuufuata, na kwamba alitaka chama chake kipate heshima hiyo. Wapinzani walimfuata mama kule Niota ili aikane barua. Febb hakuikana. Novemba, Harry akachaguliwa tena kwa shida.

Tuseme pia kwamba ushindi huo haukuwafikia wote. Katika majimbo mengi ya kusini, wanawake weusi waliendelea kuzuiwa kwa kodi ya kura, mitihani ya kusoma na vitisho, hadi sheria ya mwaka 1965.

Baada ya hapo Burn hakugeuka mwanaharakati. Alikuwa wakili, kisha mkuu wa benki katika mji wa Rockwood. Mwaka 1930 aliomba ugavana akakosa. Mwaka 1948 alichaguliwa kuingia seneti ya jimbo, na baadaye alikuwa mjumbe katika mabaraza ya kurekebisha katiba ya Tennessee, kuanzia lile la 1953 hadi la 1971.

Alifariki Niota Februari 19, 1977, akiwa na miaka 81. Mjini Knoxville ipo sanamu iliyozinduliwa mwaka 2018: Harry ameketi, na mama yake amesimama karibu naye.