Renoir na Vidole Vilivyojikunja

Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vimeanza kupinda, na kalamu sasa naishika kwa dhiki. Ndiyo sababu leo namtaja marehemu Auguste Renoir, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, aliyezaliwa Limoges mwaka wa 1841. Angali kijana mdogo alikuwa akitia nakshi vyombo vya kauri mjini Paris; mkono ndio uliomlisha. Hata Algeria alifika, mwaka wa 1881, akachora.

Alipopita miaka hamsini, baridi yabisi ilimwingia viungoni. Mwaka hata mwaka vidole vilijikunja kuelekea kiganjani.

Watu husimulia kwamba brashi alifungiwa mkononi kwa kitambaa. Sivyo. Kitambaa kilikuwa cha kukinga ngozi ya kiganja. Brashi alitiliwa baina ya vidole, kisha akaishika mwenyewe. Msomaji mwenye vidole kama vyangu anajua kuwa tofauti hiyo si ndogo. Sinema iliyopigwa mwaka wa 1915 yamwonyesha kitini akichora, na mwanawe Claude kando yake akimpa brashi. Alifariki Cagnes, tarehe 3 Disemba, 1919.