Alexander Mkuu: Aliyevuma zaidi kwenye sarafu alipokufa

Hebu toa shilingi 10 mfukoni uigeuze. Utaona simba. Sarafu ya fedha iliyotumika Babeli zaidi ya miaka 2,300 iliyopita ilikuwa na simba pia, ila huyo alishachunwa, na ngozi ya kichwa chake amevaa kijana kama kofia.

Kijana huyo ni nani? Wengi watakuambia ni Alexander Mkuu. Pole, ni Herakles, shujaa wa hadithi za Wagiriki aliyemnyonga simba kwa mikono mitupu. Wataalamu bado wanabishana kama wachongaji walimpa sura ya mfalme kidogo. Lakini jina lililoandikwa upande wa pili halina ubishi: ni la Alexander.

Jamaa huyu alizaliwa mwaka 356 KK mjini Pella, Makedonia. Babake, mfalme Philip, aliuawa mwaka 336 KK, na kijana wa miaka 20 akaachiwa kiti. Miaka miwili baadaye alivuka hadi Asia kupigana na Waajemi. Jeshi halili sifa, linataka mshahara, kwa hivyo alihitaji pesa nyingi.

Sasa mbona asijiweke mwenyewe kwenye sarafu? Kwa kawaida Wagiriki waliwaachia miungu na mashujaa nafasi hiyo. Mfalme aliye hai kujibandika hapo ingeonekana ni kujigamba kupita kiasi. Alexander akapita kando: ukoo wake ulidai ni uzao wa Herakles, mwana wa Zeus. Akamweka babu upande mmoja, na Zeus upande wa pili, ameketi na tai mkononi. Sifa akazipata bila kujitaja sana.

Tena picha hizo zilieleweka na kila mtu kivyake. Mtu wa Tiro akimwona Herakles, alimwona mungu wake Melqart. Mtu wa Tarsus alishazoea sarafu za Baali ameketi vivyo hivyo. Hukuhitaji kujua Kigiriki. Sarafu hiyo, ya gramu 17 hivi, ilikuwa ya drakma nne, na neno hilo drakma ndilo Waarabu walilifanya dirhamu, kisha likatufikia kwa Kiswahili.

Alipoteka hazina za Uajemi, ikiwemo ya Persepolis mwaka 330 KK, fedha iliyokuwa imelala miaka mingi ikageuzwa sarafu zenye jina lake.

Mwaka 326 KK alimshinda mfalme Porus kule India, na hapo mambo yakabadilika. Kuna sarafu chache kubwa zinazoonyesha mpanda farasi akimfukuza ndovu. Upande wa pili amesimama askari aliyeshika radi, silaha ya Zeus mwenyewe. Wataalamu wengi huamini ni Alexander. Kama ni yeye, basi alikuwa ameanza kujisahau.

Alikufa Babeli mwaka 323 KK, akiwa na miaka 32. Hapo ndipo uso wake ulipoanza kazi rasmi. Majenerali wake walianza kung'ang'ania mali. Ptolemy, aliyeshika Misri, alitoa sarafu za Alexander amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu. Baadaye Lysimachus, mtawala wa Thrace, akamchora na pembe za kondoo dume, alama ya mungu Amoni. Kila mmoja alitaka uonekane urithi ni wake.

Na mrithi halisi je? Alexander aliacha mimba, na mtoto akazaliwa asimwone babake. Mwaka 310 KK hivi, Cassander, aliyetawala Makedonia, aliamuru kijana huyo auawe pamoja na mamake. Sarafu za jina la babake hazikusimama. Ziliendelea kutengenezwa huko huko.

Kwa hivyo ukikutana na uso huo mzuri wenye pembe, usimwone mshindi wa dunia tu. Jiulize ni nani alimlipa mchongaji, na mtoto wa mwenye uso alikuwa wapi.