Sidi Mubarak Bombay, Msafiri wa Njia ya Unyanyembe

Mtu aondokaye Tabora kwa njia ya kaskazini kwenda Nzega, akifika Puge huwa amekwisha kwenda karibu nusu ya safari yake. Siku hizi njia ni ya lami, na mwendo ambao zamani ulikuwa wa siku tatu au nne kwa miguu umekuwa wa saa moja tu. Mwaka wa 1858, katika mwezi wa Julai, msafara mdogo ulitoka Tabora kwenda kaskazini, ukipita katika nchi ya Wanyamwezi kulitafuta ziwa kubwa ambalo Waarabu wa Unyanyembe walikuwa wamesikia habari zake. Mwenye msafara alikuwa Mwingereza, jina lake John Hanning Speke. Naye Speke hakujua Kiswahili wala Kinyamwezi, wala hakuweza kuuliza njia, wala kununua hata kibaba cha nafaka, isipokuwa kwa kinywa cha mtu mmoja aliyefuatana naye. Mtu huyo ni Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao. Alizaliwa karibu na mwaka wa 1820 katika nchi ya Wayao, iliyo kati ya pwani na Ziwa Nyasa. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto mchanga, hata alipokuwa mtu mzima hakuweza kuikumbuka sura yake vema. Alikaa na baba yake kijijini hata akapata umri wa miaka kama 12. Basi zamani za njaa watu wa kijiji kile walikuwa wamekopa nguo na shanga kwa wafanya biashara wa pwani, kila mtu kwa mdai wake. Siku moja wadai wale walikuja wote pamoja, wamechukua bunduki na panga, wakakizunguka kijiji, wakataka kulipwa saa ile ile. Hapana aliyekuwa na kitu cha kulipa. Wanakijiji waliona kwamba kupigana na bunduki ni kazi bure, wakatafuta nafasi, kisha wakakimbia wote kwa mara moja. Wengi walikamatwa, na mtoto yule alikuwa miongoni mwao. Baba yake hakumwona tena, wala hakupata kujua kama aliuawa siku ile au aliokoka.

Mateka walifungwa kwa minyororo na kamba, wakaswagwa mpaka Kilwa, wakatiwa katika majahazi na kupelekwa Unguja. Katika soko la watumwa mfanya biashara mmoja Mwarabu alimnunua, akamvusha bahari mpaka Kachi katika Bara Hindi. Huko alitumika miaka mingi. Alijifunza Kihindi, na jina lake la kwao likapotea. Sidi ndilo neno ambalo watu wa Bara Hindi waliwaitia Waafrika, na Bombay lilikuwa jina la mji mkubwa wa nchi ile. Hivyo hata jina alilojulikana nalo duniani halikuwa jina alilopewa na baba yake.

Bwana wake alipokufa, Bombay alipata uhuru. Akarudi Unguja, akaandikwa askari katika jeshi la Sultani, akapelekwa kulinda ngome ya Chogwe katika nchi ya nyuma ya Pangani. Kazi ilikuwa ya kukaa tu, na chakula kilikuwa haba. Hata mwezi wa Februari, mwaka wa 1857, Waingereza wawili, Richard Burton na huyo Speke, walipita ngomeni wakienda Fuga katika milima ya Usambara. Walimchukua Bombay awafuate njiani. Wakamwona kuwa ni mtu mwaminifu asiyechoka upesi, tena Speke alifurahi kupata mtu wa kusema naye Kihindi, maana alikuwa askari wa Bara Hindi na lugha ile aliijua. Walipofanya tayari safari yao kubwa ya bara, Bombay akawa mmoja wao.

Msafara uliondoka pwani karibu na Bagamoyo mwezi wa Juni, mwaka wa 1857. Njia ya bara haikuwa barabara. Ilikuwa ujia mwembamba wa kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake, nao ulipinda kila mahali ulipokuta mti ulioanguka au tope. Kiongozi alitangulia na bendera, nyuma yake wapagazi, kila mtu na mzigo wa frasila mbili au kupungua kidogo: majora ya merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba nyekundu na za manjano. Katika nchi ya Wagogo wasafiri walisimamishwa kwa watawala mbalimbali ili walipe hongo, na hapo siku nyingi zilikwenda kwa maneno tu. Baadaye ilikuja Mgunda Mkali, nchi ya ukame na miiba, ambamo msafara usiokuwa na maji uliweza kuacha watu wengi njiani. Kwa mwendo huo wa siku 134 walifika Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857.

Unyanyembe ulikuwa njia panda ya bara. Kutoka hapo njia moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, na nyingine kusini. Mwezi wa Februari, 1858, msafara uliliona Ziwa Tanganyika. Lakini Burton alikuwa hawezi kutembea kwa ugonjwa wa miguu, na Speke alikuwa karibu kuwa kipofu kwa maradhi ya macho, hata alipofika juu ya kilima cha kutazamia ziwa aliona ukungu tu. Walirudi Kaze mwezi wa Juni wakiwa wamedhoofika. Burton akabaki kupumzika. Speke aliyekuwa amepata nguvu kidogo akataka kwenda kaskazini, na tarehe 9 Julai akaondoka pamoja na Bombay, wapagazi wachache na askari Mabaluchi.

Safari hii ya kaskazini haikuwa ngumu kama ile ya Ugogo. Nchi ilikuwa ya mashamba na ng'ombe wengi, na watu walikuja makundi kwa makundi kuwatazama wageni. Mahali pamoja walipokewa na mtawala mwanamke, naye aliwapa zawadi ya ng'ombe. Kila neno lilikwenda kwa hatua: Speke alisema Kihindi, Bombay akaligeuza kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine akalitia katika lugha ya wenyeji; na jibu lilirudi kwa njia ile ile. Tarehe 3 Agosti walisimama juu ya kilima karibu na Mwanza, na maji yakaonekana mbele yao, na visiwa vyake, pasipo mwisho. Speke alitaka kujua ziwa limekwenda mpaka wapi. Bombay akamwuliza mtu mmoja aliyesifiwa kuwa msafiri. Mtu yule aligeuka akaelekea kaskazini, akautupa mkono wake mbele huku akialika vidole, akasema kwamba hapana ajuaye, labda linafika mwisho wa dunia. Speke akalipa ziwa jina la malkia wake, Viktoria, ingawa wenyeji waliliita Nyanza tangu zamani. Tarehe 25 Agosti walikuwa wamerudi Kaze.

Mwaka wa 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant ili ahakikishe kwamba mto Nile hutoka katika ziwa lile, naye akamwita Bombay tena. Walipita Unyanyembe mara ya pili mwanzo wa mwaka wa 1861, wakakawia huko muda mrefu kwa sababu ya vita na kukosa wapagazi. Kutoka hapo walifika Karagwe kwa Rumanika, kisha Buganda kwa Kabaka Mutesa. Katika safari hii Speke, kwa ugomvi wa kuhamisha kambi, alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu. Speke mwenyewe aliiandika habari hiyo katika kitabu chake. Bombay alikuwa mtu wa zaidi ya miaka 40, mnyapara wa msafara mzima, na kwa ghadhabu alitaka kuacha kazi. Kisha wakapatanishwa, akaendelea. Wapagazi wengi walikuwa wamekwisha toroka. Tarehe 28 Julai 1862 Speke aliona maji ya ziwa yakitoka na kuwa mto. Wakashuka pamoja na Nile mpaka Khartoum na Kairo, na watu waliodumu, wanaume 18 na wanawake wachache, walipigwa picha huko Kairo mwaka wa 1863 kabla ya kurudishwa Unguja kwa bahari. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay nishani ya fedha.

Msomaji asidhani kwamba Bombay alikuwa mtu asiye na lawama. Alipenda pombe, aligombana na wenzake, na waliomwajiri baadaye walinung'unika kwamba alikuwa mzito wa kuondoka kambini. Tena jambo moja ni gumu kulifahamu. Mtu huyu aliyeibwa utotoni naye alikuwa na mtumwa wake mwenyewe, ambaye alimnunua kwa mali yake katika safari ya kwanza. Alimpenda na kumtendea kama ndugu, lakini alimnunua. Njia ile ile aliyoipita kwa mshahara ilikuwa imejaa watu wafungwao kama alivyofungwa yeye, wakienda pwani. Na mabwana waliompokea yeye na Wazungu wake kwa ukarimu huko Tabora walikuwa wenye watumwa na wenye kuwauza.

Mara ya tatu alikuja Unyanyembe na Henry Stanley, aliyetumwa na gazeti moja la Marekani kumtafuta Dakta David Livingstone. Walifika Kwihara, maili chache kutoka Tabora, tarehe 23 Juni 1871, wakapewa tembe kubwa la kukaa. Wakati ule Mirambo wa Urambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Waarabu wakamwendea kwa vita, na Stanley akaingia pamoja nao akiwa na askari wake, na Bombay akiwa mkubwa wao. Mwanzo walishinda, wakateka vijiji; lakini kundi moja lililokuwa likirudi na nyara liliviziwa na watu wa Mirambo na kuuawa, na jeshi lote likavunjika likakimbia. Tarehe 22 Agosti Mirambo mwenyewe aliuingia mji wa Tabora, na moshi wa nyumba ulionekana Kwihara. Watu waliokuwa katika tembe walitoboa matundu katika kuta za udongo ili wapate kupiga bunduki, wakangoja. Mirambo hakuja Kwihara. Stanley aliondoka mwezi wa Septemba kwa njia ya kusini, akiizunguka nchi ya vita, na mwezi wa Novemba walifika Ujiji wakamkuta Livingstone. Njiani Bombay alipigwa tena, safari hii na Stanley.

Mwezi wa Februari, 1872, Livingstone na Stanley walirudi pamoja Kwihara. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa Machi, na Bombay pamoja naye. Livingstone alikaa katika tembe lile mpaka Agosti, akingoja watu wapya na vitu vyake. Tembe hilo limejengwa upya, na leo ni nyumba ya makumbusho.

Safari ya nne ilikuwa ya Verney Lovett Cameron, afisa wa manowari, aliyepelekwa mwaka wa 1873 kumsaidia Livingstone. Bombay alikuwa mnyapara wake mkuu. Walikuwa Unyanyembe wagonjwa kwa homa, hata mwezi wa Oktoba akafika Chuma, naye ni Myao aliyetekwa utotoni, akileta habari kwamba Livingstone amekufa na kwamba wenzake wanauchukua mwili wake kwenda pwani. Wenzake Cameron wakarudi na maiti. Cameron akakata shauri kuendelea, na Bombay akaenda naye: Ujiji, kisha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Nyangwe katika nchi ya Manyema, na nchi za Waluba, mpaka mwezi wa Novemba, 1875, waliposimama kwenye bahari ya magharibi karibu na Benguela. Waingereza wakamwita Cameron Mzungu wa kwanza kulivuka bara katika sehemu ile kutoka mashariki mpaka magharibi. Bombay na wenzake walikuwa wamelivuka kwa miguu ile ile, siku zile zile. Cameron alinunua jahazi huko Luanda, likawarudisha Unguja mwaka wa 1876 kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Mwaka huo Chama cha Jiografia kilimwandikia Bombay malipo ya uzeeni, apewe kila mwaka maisha yake yote. Wengine wamekisia kwamba alikuwa amekwenda maili 6,000, na sehemu kubwa kwa miguu. Aliziona bahari tatu, ya Hindi, ya Misri, na ya magharibi. Miaka yake ya mwisho aliikaa Unguja, mji ule ule alimouzwa sokoni alipokuwa mtoto. Soko lile lilikuwa limefungwa tangu mwaka wa 1873. Bombay alikufa tarehe 12 Oktoba 1885.