Parsaloi Ole Gilisho na Kadhia ya Wamaasai ya 1913

1.0 Utangulizi

Katika kumbukumbu za utawala wa Kiingereza wa Afrika Mashariki hutokea mara nyingi jina la Legalishu. Anayekusudiwa ni Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko, kundi kubwa miongoni mwa makundi ya Wamaasai wa Kenya. Umaarufu wake umetokana hasa na jambo moja. Katika kipindi ambacho jamii kadhaa za bara ziliukabili ukoloni kwa silaha, watu wake, yeye akiwa mhimili wao, waliishtaki serikali katika mahakama yake yenyewe. Maisha yake yanaonyesha jinsi sheria ya kikoloni ilivyoweza kulitambua taifa, na kwa utambuzi huohuo ikalinyima haki.

2.0 Rika na uongozi

Ole Gilisho alikuwa wa rika la Iltalala, ambalo ujana wake uliangukia katika miaka ya misiba. Sotoka ya 1890 na 1891 iliteketeza ng'ombe, ndui na njaa zikafuata, kisha ikazuka vita baina ya wafuasi wa Lenana na wa Sendeyo, wana wawili wa laiboni Mbatiany. Katika mazingira hayo aliteuliwa kuwa laigwanani, yaani msemaji wa rika lake.

Cheo hicho chahitaji ufafanuzi. Laigwanani huteuliwa kwa busara na ufasaha wake. Hatoi amri, bali huyakusanya maoni ya wenzake hata yakawa kauli moja. Laiboni naye ni mganga na mtabiri, na mamlaka yake ni ya kimila na kiibada. Waingereza hawakuizingatia tofauti hiyo. Walimfanya Lenana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho jamii yenyewe haikuwa nacho. Mgogoro uliofuata ulikuwa, kwa sehemu kubwa, mgogoro wa nani ana haki ya kusema kwa niaba ya nani.

3.0 Mikataba miwili

Mnamo Agosti 1904 Kamishna Donald Stewart aliafikiana na viongozi wa Wamaasai kwamba waiache ardhi ya Bonde la Ufa iliyokuwa kandokando ya reli, ili wapewe walowezi. Kwa badala yake walitengewa maeneo mawili, moja Laikipia upande wa kaskazini na jingine kusini, pamoja na njia yenye upana wa nusu maili ya kuyaunganisha. Mkataba haukutaja idadi ya miaka. Ulieleza kwamba ungedumu maadamu Wamaasai wangalipo. Ole Gilisho alikuwa miongoni mwa walioutia alama, akahamia Laikipia pamoja na watu wake.

Haukupita muda mrefu kabla ya walowezi kuitamani Laikipia nayo. Lenana alifariki Machi 1911, na maofisa wakaeleza kuwa wasia wake ulikuwa watu wa kaskazini wahamie kusini. Mwezi uliofuata, chini ya Gavana Percy Girouard, ulifungwa mkataba wa pili uliotangua ule wa kwanza. Ole Gilisho, ambaye awali alipinga kuhama, aliutia alama huo pia. Wakosoaji wa serikali, akiwamo daktari wake Norman Leys, walishikilia kwamba ridhaa hiyo haikuwa ya hiari.

Safari ya 1911 iligeuka maafa. Mvua na baridi ya milima ya Mau viliua mifugo mingi hata uhamisho ukasimamishwa. Kwa jumla watu wapatao 10,000, ng'ombe 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja ndio waliohusika katika uhamisho huo, uliokamilika 1913. Aidha, wafugaji walilalamika kuwa malisho ya kusini yalikuwa na maradhi, hususan ndigana kali. Kwa jamii ambayo chakula, mahari na heshima vilitegemea ng'ombe, afya ya mifugo haikutengana na afya ya watu.

4.0 Mahakamani

Mwaka 1912 shauri lilifunguliwa katika Mahakama Kuu, Mombasa. Walalamikaji waliongozwa na Murket Ole Nchoko, ambaye jina lake liliandikwa Ol le Njogo, ilhali Ole Gilisho alijulikana kuwa nguvu kuu nyuma ya shauri hilo. Hoja yao ilikuwa kwamba mkataba wa 1904 ungali hai, kwa kuwa waliotia alama ule wa 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuwafunga watu wa Laikipia.

Hukumu ya Jaji Mkuu Robert Hamilton, iliyotolewa Mei 1913, haikuingia katika kiini cha hoja hiyo. Iliamuliwa kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Uingereza, bali wageni waliokuwa chini ya ulinzi wake, na kwamba mikataba yao na Mfalme ilikuwa ya kimataifa. Kwa hiyo uhamisho ulikuwa tendo la dola, nje ya uwezo wa mahakama ya nchi. Rufani ilitupiliwa mbali Desemba 1913, na shauri halikufikishwa mbele ya Baraza la Mfalme mjini London.

5.0 Hitimisho

Ole Gilisho aliishi kusini hadi kufariki kwake mwaka 1939. Dai lake halikuzikwa naye. Ujumbe wa Wamaasai uliliwasilisha tena London mwaka 1962, katika mazungumzo ya katiba ya Kenya. Mnamo Agosti 2004, karne moja baada ya mkataba wa kwanza, wafugaji waliandamana na kuingiza mifugo katika mashamba makubwa ya Laikipia, wengi wakiamini kuwa muda wa kukodisha ardhi ulikuwa umekwisha. Imani hiyo haina msingi katika maandishi ya 1904, lakini inaeleza jinsi jamii ilivyoyaelewa makubaliano yale: ardhi iliazimwa, haikuuzwa.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kumkumbuka Ole Gilisho kama shujaa asiye na doa, kwani alama yake imo katika mikataba yote miwili. Thamani ya maisha yake imo humohumo. Laigwanani aliyezoea kwamba kauli huwa halali baada ya rika zima kuafikiana alikutana na dola iliyoridhika na alama za watu wachache. Alipotaka tofauti hiyo ipimwe kwa sheria, mlango wa mahakama ulifungwa kwa hoja kwamba watu wake walikuwa taifa.