Fundi wa Nakshi Aliyelinda Nyakati

Kule Matondoni nimewaona mafundi wa majahazi wakiweka tezo chini kwa adhana ya adhuhuri. Hapana king'ora wala saa ya kugonga kadi. Niwaonapo humkumbuka Ibn al-Shatir wa Damascus, nchi ya Shamu. Alifiwa na babake angali mdogo, akafunzwa kutia nakshi za pembe za ndovu, kisha akasoma falaki hata akawa mkuu wa wapima nyakati katika Msikiti wa Banu Umayya. Mwaka 1371 aliweka mnarani saa ya jua ya marumaru, waadhini wasikosee. Alifariki mwaka 1375.

Mimi niliwahi kumtumikia tajiri ambaye saa yake ilichelewa jioni tu. Ndipo nikajua: apimaye wakati amebeba amana ya watu.