Rumaliza wa Ujiji na pipa la baruti

Ukisimama Ilagala, pale mto Malagarasi unapoingia ziwani, siku ya hewa safi unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Katika miaka ya 1880 pande zote mbili za maji hayo zilimjua Muhammad bin Khalfan Al-Barwani, mtu wa Lindi, aliyepachikwa jina la Rumaliza, yaani mwenye kumaliza watu.

Alifika Ujiji akiwa mshirika wa Tippu Tip. Alipofariki Mwinyi Kheri, liwali wa mji, mwaka 1885, hakubaki mwingine wa kumzidi nguvu. Tusimpambe. Utajiri wake ulikuwa pembe za ndovu na watumwa, na vijiji vingi vya pwani ya ziwa vililizwa naye.

Nguvu yenyewe ilikuwa baruti. Ilitoka Ulaya, ikapitia Unguja, ikabebwa mabegani mwa wapagazi kwa miezi. Ni mchanganyiko wa shura, karibu sehemu 75 katika 100, makaa 15 na kibiriti 10. Siri iko kwenye shura. Moto wa kuni hula hewa ya nje, lakini shura ikipashwa moto kupita nyuzi 400 hivi huvunjika na kutoa oksijeni yake yenyewe. Kwa hiyo baruti huwaka hata ndani ya pipa lililofungwa. Kibiriti huyeyuka mapema, kwenye nyuzi kama 115, na kuufanya moto ushike haraka. Wengine hukiita kichocheo. Si sahihi, maana nacho huungua. Kichocheo cha kweli ni kama kile cha roketi za mafuta makavu, za jamii iliyorushwa San Marco, Malindi, kuanzia mwaka 1967. Hizo hutumia amoniamu pakloreti badala ya shura, na oksaidi ya chuma kidogo tu, ndugu yake kutu, huharakisha kuvunjika kwake.

Kusafisha shura kwa majivu kulielezwa na Hassan Al-Rammah wa Sham katika karne ya 13. Miaka 600 baadaye, tajiri Mwislamu wa Ujiji anasubiri pipa la Mzungu! Pipa hilo lilikuja kubanwa. Mwaka 1890 mataifa yalikubaliana Brussels kupunguza silaha na baruti ziingiazo Afrika ili kukomesha utumwa. Lengo hilo jema halikuibana mizinga ya Mfalme Leopold.

Vita vya Kongo vikawaka mwaka 1892. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893, na Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akauawa mwaka huohuo. Rumaliza hakusalimu amri. Alijenga maboma na kuwazuia Wabelgiji kwa miezi.

Januari 1894 kombora liliwasha paa la nyasi ndani ya boma lake. Moto ukaifikia ghala ya baruti. Hapo mchanga haufai kitu, kwani huunyima moto hewa tu, na huu ulikuwa na hewa yake tumboni. Wengi waliungua, wengine wakazama mtoni wakikimbia. Maboma yaliyobaki yalijisalimisha baada ya siku chache.

Yeye aliponyoka, akaingia upande wa Wajerumani. Baadaye alimshitaki Tippu Tip, mshirika wake wa zamani, kwa ajili ya mali. Na barua ya Makka iliposambaa kusini mwa pwani mwaka 1908, Wajerumani waliokuwa wakiitafuta asili yake walilitaja tena jina la Rumaliza.